Kupoza Kompyuta Bila Makelele

Mwaka 2012, nilipomaliza masomo yangu ng'ambo, nilirejea nyumbani na kompyuta ya mezani ambayo niliitumia kuandika tasnifu yangu yote. Kule nilikokuwa, chumba changu kilikuwa na nyuzi 19 za Sentigredi karibu mwaka mzima, na kompyuta ile ilikuwa kimya kiasi kwamba mara nyingine niliitazama taa yake ili kuhakikisha kwamba inafanya kazi. Mwezi Januari uliofuata niliiweka juu ya meza ofisini kwangu Dar es Salaam. Haikupita miezi mingi ikaanza kuvuma, na wanafunzi waliokuja kuniona wakalazimika kupaza sauti. Nikamwita fundi. Akaondoa feni iliyokuwamo, akaweka nyingine yenye nguvu zaidi. Kelele ikaongezeka, na kompyuta ikaanza kujizima yenyewe kila nilipoipa kazi nzito. Tukaongeza feni ya pili. Kelele ikazidi, na kompyuta ikaendelea kujizima.

Hatimaye nililifungua kasha mimi mwenyewe, nikaing'oa feni ya juu na kuangalia chini yake. Katikati ya mapezi ya alumini, mahali ambapo hewa ingepaswa kupita, vumbi lilikuwa limeshonana kama kipande cha blanketi. Feni zetu zote mbili zilikuwa zikipuliza ukuta. Nilitoa vumbi lile, nikasafisha na kupaka upya kile kipako kilicho kati ya chuma na prosesa, kisha nikairudisha feni ya zamani. Kompyuta ikanyamaza. Aibu ilikuwa yangu kuliko ya fundi, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha somo la joto.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu jambo hilihili laweza kutokea katika chumba chochote cha kompyuta shuleni. Huko madhara yake ni makubwa kuliko ofisini kwangu. Kompyuta ikifa kwa joto, si rahisi shule kupata nyingine. Na mwalimu anayeshindana na mvumo wa mashine 20 hupoteza sauti yake, na wanafunzi walioketi nyuma hupoteza somo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubaridi na ukimya si maadui. Mara nyingi kelele ya kompyuta ni dalili ya joto lililozuiliwa njiani. Atakaye ukimya na aifungue kwanza njia ya joto, ndipo afikirie kuongeza nguvu ya upepo.

JOTO LATOKA WAPI?

Kompyuta hainyanyui mzigo wala haizungushi gurudumu la mashine ya kusaga. Kwa hiyo karibu nishati yote ya umeme inayoingia ndani yake huishia kuwa joto. Sehemu kubwa ya joto hilo huzaliwa katika prosesa, kipande kidogo cha silikoni chenye mamilioni, na siku hizi mabilioni, ya transista. Kila transista inapobadilika kutoka hali ya kuwaka hadi hali ya kuzimika, chaji kidogo ya umeme husukumwa na kuachwa ipotee. Kiasi cha chembe moja ni kidogo mno. Lakini zinapobadilika mabilioni ya mara kwa sekunde, haba na haba hujaza kibaba.

Tuchukue prosesa ya kawaida inayotoa joto la wati 65. Wati 65 ni sawa na balbu moja ya zamani, na huenda msomaji akaona kwamba hilo si jambo la kutisha. Lakini eneo la kipande chenyewe ni kama sentimeta moja na nusu ya mraba. Maana yake ni wati 43 katika kila sentimeta ya mraba. Pasi ya umeme ya wati 1,000, yenye uso wa sentimeta 200 za mraba, hutoa wati 5 tu katika kila sentimeta. Hivyo, kwa eneo lililo sawa, prosesa hiyo hutoa joto zaidi ya mara nane ya pasi, nasi twataka isipate moto hata nusu ya pasi!

Tatizo hili si geni. ENIAC, kompyuta kubwa iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na vali takriban 18,000, ilitumia wati 150,000, na ilihitaji mitambo maalumu ya kupuliza hewa. Baadaye transista zilipunguza joto hilo kwa kiasi kikubwa. Prosesa ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikaa wazi bila hata kipande cha chuma juu yake, na feni pekee ilikuwa katika kisanduku cha kugeuza umeme wa ukutani, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Lakini kadiri transista zilivyosongamana na kasi yake kukua, joto lilirudi. Leo baadhi ya prosesa kubwa za mezani hupita wati 200 zinapofanya kazi kwa nguvu zote.

Prosesa ya kisasa hujilinda. Inapokaribia nyuzi 100 hupunguza kasi yake, na hali ikizidi kuwa mbaya huizima kompyuta. Vipuri vingine havina ulinzi huo. Wahandisi wa elektroniki wana kanuni ya makadirio isemayo kwamba maisha ya kapasita zenye majimaji ndani yake hupungua kwa nusu kila jotoridi linapopanda kwa nyuzi 10. Kompyuta inayoishi katika joto huzeeka upesi, hata kama haijazimika.

KANUNI MOJA YA KUTOSHA

Wanafunzi wa sekondari wanaifahamu kanuni ya Ohm: tofauti ya volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Joto nalo hufuata kanuni inayofanana na hiyo. Badala ya volteji tuweke tofauti ya jotoridi. Badala ya mkondo tuweke nguvu ya joto kwa wati. Na badala ya ukinzani wa umeme tuweke ukinzani wa joto, yaani idadi ya nyuzi zinazohitajika ili kusukuma wati moja kutoka kwenye prosesa hadi hewani. Basi:

jotoridi la prosesa = jotoridi la hewa + (nguvu × ukinzani wa joto)

Tuseme kipoza joto kina ukinzani wa nyuzi 0.5 kwa wati, nayo prosesa inatoa wati 65. Tofauti ya jotoridi itakuwa nyuzi 32.5. Katika chumba changu cha ng'ambo chenye nyuzi 19, prosesa ilikuwa na nyuzi 51.5. Katika chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32, ingekuwa na nyuzi 64.5. Hapo bado kuna usalama. Sasa tuseme vumbi limeufanya ukinzani kuwa nyuzi 1.0 kwa wati. Prosesa itafika nyuzi 97. Na kama hewa iliyomo ndani ya kasha imepata joto la nyuzi 10 zaidi ya hewa ya chumba, hesabu itapita 100, na kompyuta itapunguza kasi au itajizima. Hicho ndicho kisa changu chote kwa hesabu ya mstari mmoja.

Kanuni hii yatuonyesha kwamba tuna njia tatu tu za kuteremsha jotoridi la prosesa: kupoza hewa ya chumba, kupunguza nguvu inayotumika, au kupunguza ukinzani. Feni yenye nguvu zaidi ni sehemu ndogo tu ya njia hiyo ya tatu.

NJIA YA JOTO, HATUA KWA HATUA

Joto husafiri kwa mpitisho, yaani kupita ndani ya kitu kigumu; kwa msafara, yaani kuchukuliwa na hewa au maji yanayosogea; na kwa mnururisho, kama lile la jua. Ndani ya kompyuta njia mbili za kwanza ndizo zenye kazi kubwa.

Hatua ya kwanza ni mguso kati ya prosesa na chuma cha kipoza joto. Nyuso mbili za chuma, hata ziking'aa kama kioo, zina vibonde visivyoonekana kwa macho, na vibonde hivyo hujaa hewa. Shaba nyekundu hupitisha joto zaidi ya mara 15,000 kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo utando mwembamba wa hewa waweza kuharibu kazi ya pande zima la shaba. Ndiyo sababu hupakwa pesti maalumu ya kupitisha joto ili kuifukuza hewa hiyo. Lakini pesti yenyewe hupitisha joto kidogo sana ikilinganishwa na shaba. Kazi yake ni kujaza vibonde, si kuwa godoro. Tone linalolingana na punje ya mbaazi latosha. Baada ya miaka kadhaa pesti hukauka na kupasuka, nayo haina budi kufutwa kwa spiriti safi na kupakwa upya.

Hatua ya pili ni kulitandaza joto juu ya eneo kubwa. Mtoto aliyepewa chai ya moto huimimina kisahanini, nayo hupoa upesi kwa sababu uso wake umepanuka. Mapezi ya alumini hufanya kazi hiyohiyo: kipande cha silikoni cha sentimeta moja na nusu za mraba hupewa uso wa maelfu ya sentimeta za mraba. Lakini joto litafikaje kwenye pezi lililo mbali? Hapo ndipo hutumika mabomba ya joto. Wazo lake lilisajiliwa Marekani mwaka 1944 na mhandisi Richard Gaugler, likabaki bila kutumika, kisha likabuniwa upya mwaka 1963 na George Grover wa maabara ya Los Alamos, likaanza kutumika katika vyombo vya anga.

Bomba la joto ni mrija wa shaba uliozibwa pande zote, uliotolewa hewa na kutiwa maji machache. Kila gramu ya maji inapogeuka mvuke humeza zaidi ya jouli 2,000. Twalijua jambo hili nyumbani: mtungi wa udongo huyapoza maji ya kunywa kwa sababu machache yanayovuja hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Ndani ya bomba mvuke hukimbilia upande wenye ubaridi, hugeuka tena kuwa maji na kuliacha joto lake kwenye mapezi. Kisha maji hurudi yalikotoka kwa kupanda katika vinyweleo vilivyo ukutani mwa mrija, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa koroboi. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna sauti.

Hatua ya tatu ni hewa kulichukua joto na kulitoa nje ya kasha. Je, yahitajika hewa kiasi gani? Tuchukue kompyuta nzima inayotumia wati 150, nasi twataka hewa inayotoka isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10. Meta moja ya ujazo ya hewa huhitaji takriban jouli 1,200 ili ipande nyuzi moja. Ukigawanya 150 kwa 12,000 utapata meta 0.0125 za ujazo, yaani lita 12 na nusu kwa sekunde. Hiyo haifiki theluthi mbili za ndoo ya lita 20. Feni moja ya sentimeta 12 inayozunguka polepole yaweza kuipitisha hewa hiyo, mradi haizuiwi. Mbeya, kwenye kimo cha meta 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15, na hivyo itahitajika hewa nyingi kidogo zaidi. Lakini baridi ya huko hufidia upungufu huo.

KELELE NA HESABU YAKE

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakijumlishwi kama shilingi. Vyanzo viwili vyenye kelele sawa huongeza desibeli 3 tu, na ongezeko la desibeli 10 huhisiwa na sikio kama kelele iliyokuwa mara mbili.

Sasa tuangalie feni. Kasi yake ikipunguzwa kwa nusu, hewa inayopita hupungua kwa nusu. Umeme unaotumika hupungua hadi sehemu moja ya nane. Nayo kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi. Basi feni mbili zikiwekwa sambamba na kuzunguka kwa nusu ya kasi zitapitisha hewa ileile kama feni moja yenye kasi kamili, kwa kelele iliyo chini kwa desibeli 12. Faida ya ukubwa ni dhahiri vilevile. Kwa feni zenye umbo moja, hewa inayopita huongezeka kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu. Feni ya sentimeta 12 ikizunguka kwa asilimia 30 tu ya kasi ya feni ya sentimeta 8 itatoa hewa ileile, na kelele itapungua kwa takriban desibeli 14. Feni kubwa iendayo polepole ni bora kuliko feni ndogo ikimbiayo.

Desibeli 14 zina maana gani darasani? Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kelele za chinichini darasani wakati wa somo zisizidi desibeli 35. Tuseme kompyuta moja yatoa desibeli hizohizo 35. Peke yake haina neno. Lakini kompyuta 20, kama zote zasikika sawa, huongeza desibeli 13, na chumba hufika 48. Tukizipunguza zote kwa desibeli 14, chumba kitarudi kwenye 34, chini ya kiwango kilichopendekezwa. Tofauti ya feni ya sentimeta 8 na ile ya sentimeta 12 yatosha kumrudishia mwalimu sauti yake.

KUCHAGUA NA KUTUNZA

Joto lisilozalishwa halihitaji kuondolewa. Nguvu ya prosesa hufuata kasi yake na mraba wa volteji yake. Volteji ikipunguzwa kwa asilimia 10, nguvu hupungua kwa asilimia 19. Kwa kazi za shule, kama kuandika, kuhesabu na kujifunza kuandika programu, prosesa ya wati 35 au 65 yatosha kabisa. Anayenunua prosesa kubwa kwa fahari hununua pia joto lake na kelele zake.

Kama kipoza joto kinahitaji kubadilishwa, chagua chenye mapezi mengi, mabomba ya joto, na feni ya sentimeta 12. Kabla ya kununua hakikisha mambo mawili: kwamba vishikizo vyake vinalingana na tundu la prosesa yako, na kwamba kimo chake kinaingia ndani ya kasha. Chagua feni yenye waya nne, kwa kuwa waya wa nne huiwezesha kompyuta kuongoza kasi ya feni kulingana na joto lililopo. Beringi nazo zina umuhimu wake: beringi za kola za bei ndogo huchakaa mapema mahali penye joto, na zikichakaa hukwaruza. Zile zinazoelea juu ya utando wa mafuta hudumu zaidi na hazina sauti.

Wapo wanaopendekeza kupoza kwa maji yanayozungushwa na pampu. Tukumbuke kwamba maji ni mchukuzi tu. Mwisho wa safari joto bado hutolewa hewani kwa mapezi na feni. Kwa prosesa ya wati 200 njia hiyo ina hoja. Kwa prosesa ya wati 65 ni kuongeza pampu inayoweza kuharibika na mipira inayoweza kuvuja.

Hewa na iingie mbele, chini, kupitia chujio, na itoke nyuma, juu, kwa sababu hewa yenye joto hupanda yenyewe. Waya zikusanywe zisizibe njia. Kasha liachwe shubiri moja kutoka ukutani, wala lisifungiwe ndani ya kabati la meza. Vile vitambaa vya kufuma tunavyofunika kompyuta kwa heshima viondolewe kabla ya kuiwasha. Nimeona kompyuta zilizovishwa hivyo hadi mgongoni, juu ya tundu lenyewe la kutolea hewa. Wala kuacha kasha wazi si dawa: mkondo wa hewa huvurugika na vumbi hukaribishwa.

Zaidi ya yote, vumbi litolewe walau kila baada ya miezi sita, na mapema zaidi kama shule iko kando ya barabara ya udongo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, itoe nje, kisha tumia brashi laini au kipulizio huku ukizishika mbawa za feni kwa kidole ili zisizunguke ovyo. Pawasaplai isifunguliwe na mwanafunzi hata kidogo. Kapasita zake huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: brashi ni rahisi kuliko kompyuta mpya.

JARIBIO KWA DARASA

Mwalimu aweza kuigeuza kazi hii kuwa somo la fizikia. Chagueni kompyuta moja ambayo haijasafishwa kwa muda mrefu. Pimeni jotoridi la chumba kwa kipimajoto cha kawaida. Ipeni kompyuta kazi ileile nzito kwa dakika 20, kisha someni jotoridi la prosesa kwa programu inayosoma vipimo vya ndani. Toeni jotoridi la chumba. Isafisheni, mrudie jaribio kwa kazi ileile, na mtoe tena. Kwa kuwa kazi ni moja, nguvu inakaribia kuwa ileile mradi kompyuta haikuwa imejipunguzia kasi. Kwa hiyo uwiano wa tofauti hizo mbili ni uwiano wa ukinzani wa joto kabla na baada. Andikeni pia kasi ya feni katika kila jaribio. Mtaona kwamba jotoridi limeshuka, na pia kwamba feni imepunguza mwendo bila ya kuamriwa na mtu.

Ile kompyuta yangu ilidumu miaka sita mingine ikiwa na feni yake ya kwanza. Feni mbili zenye nguvu bado ninazo ndani ya saraka, nami huzionyesha kila mwaka kwa wanafunzi wapya wa somo la joto, kabla sijaandika kanuni yoyote ubaoni.